Laila wa miaka 50: ununue sanduku jipya au ubaki na CD zako?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Fundi, ninazo CD tatu za Derek and the Dominos, lile toleo la mwaka 1990 linaloitwa The Layla Sessions. Ya kwanza nimeipiga mpaka imechubuka. Ya pili na ya tatu nilizionja mara moja nikaziweka, maana niliona ni watu wanajaribu vyombo tu. Binti yangu wa kwanza anaitwa Laila, na sababu ya jina hilo ni albamu hiyo. Anaishi Uingereza, na Desemba akija nyumbani anataka kuniletea sanduku la santuri nne la maadhimisho ya miaka 50. Mashine ya santuri ninayo, ya marehemu baba, nimeshaitengeneza. Je, nitasikia kitu nisichokijua, au ni muziki uleule ndani ya kasha la bei?"

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kueleza CD zako ni za mwaka gani. Wengi huniuliza swali hili bila kutaja mwaka, na bila mwaka jibu halipatikani. Kwa kuwa umesema 1990, naweza kukwambia mambo mawili kwa uhakika. La kwanza, albamu yenyewe, Layla and Other Assorted Love Songs ya bendi hiyo ya Eric Clapton, kama ilivyotoka Novemba 1970 hujawahi kuisikia kwenye CD hizo. La pili, zile CD mbili ulizoziweka kabatini zina kitu ambacho hakimo ndani ya sanduku la miaka 50. Kwa hiyo lolote utakaloamua, usimpe mtu CD zako.

Nianze na hilo la kwanza.

Muziki wa studio hupita mikono miwili baada ya wapigaji kuondoka. Mkono wa kwanza ni kumiksi. Kila chombo kimerekodiwa kwenye njia yake ndani ya kanda: besi peke yake, dramu, kinanda, gitaa la huyu, gitaa la yule, sauti ya mwimbaji. Anayemiksi ndiye anayeamua gitaa lipi liwe mbele, lipi lisikike kama limesimama mlangoni, mwangwi uwe kiasi gani, nani akae kushoto na nani kulia. Matokeo yake ni kanda ya njia mbili tu, na hiyo ndiyo kanda mama. Mkono wa pili ni kumasta: kanda mama inachukuliwa kama ilivyo, inasawazishwa nzito na nyembamba zake, kisha inatayarishwa kwa ajili ya CD au santuri. Anayemasta hawezi kumtoa mpiga kinanda nyuma akamleta mbele. Anaweza kuongeza mwanga chumbani, lakini viti hawezi kuvihamisha.

Matoleo mengi ya maadhimisho hugusa mkono wa pili peke yake. Lile la 1990, la kutimiza miaka 20, liligusa mkono wa kwanza. Walirudi kwenye kanda za njia nyingi wakamiksi albamu nzima upya. Wakatenganisha magitaa, wakasafisha, kila mtu akapata nafasi yake. Ukiwa mwanafunzi wa gitaa, ni hazina, kwa sababu unasikia kidole cha nani kiko wapi. Lakini si ile sahani iliyowatoa watu machozi mwaka 1971. Miksi ya awali imesongamana. Magitaa yamepandana, dramu ziko ndani ya moshi, Clapton anaimba kama mtu anayepiga kelele kutoka chumba cha pili ili asikike. Wako wanaoiita ile ni kasoro. Mimi nasema hapana, na sababu yangu iko kwenye namna albamu ilivyozaliwa.

Agosti 1970 Eric Clapton alifika Miami, kwenye studio za Criteria, na wenzake watatu: Bobby Whitlock wa kinanda na sauti, Carl Radle wa besi, Jim Gordon wa dramu. Alikuwa na miaka 25, amechoka kuitwa mfalme wa gitaa, na ndiyo maana akajificha nyuma ya jina la bendi. Alikuwa pia amempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Mtayarishaji alikuwa Tom Dowd wa kampuni ya muziki ya Atlantic, mtu aliyekwisha kurekodi Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin. Siku za mwanzo kazi ilikwenda polepole. Nyimbo zilikuwepo, ila hazikuwa na moto.

Wakati huohuo Dowd alikuwa akifanya kazi na The Allman Brothers Band, na tarehe 26 Agosti bendi hiyo ilikuwa na onyesho hapo Miami. Clapton alimfahamu Duane Allman, mpiga gitaa wa bendi hiyo, kwa sikio tu, kwa gitaa alilopiga kwenye "Hey Jude" ya Wilson Pickett. Wakaenda wote kumtazama, wakakaa chini mbele kabisa ya jukwaa. Duane alikuwa katikati ya solo, amefumba macho. Alipoyafungua akamwona Clapton yuko chini ya miguu yake, mikono ikaganda. Dickey Betts, mpiga gitaa mwenzake, ikabidi aidake solo aiendeleze. Usiku huohuo bendi zote mbili zilikwenda studio, wakapiga mpaka mchana wa siku ya pili. Duane alikuja kutazama, akabaki kurekodi.

Hapa ndipo ninapokuomba utulize sikio. Nyimbo tatu za mwanzo za albamu hiyo hazina Duane. Weka ya tatu, "Keep On Growing", isikilize mpaka mwisho, kisha iache mashine iingie ya nne, "Nobody Knows You When You're Down and Out". Hapo ndipo anapoingia. Clapton anapokuwa peke yake anajizungukia, gitaa juu ya gitaa, yote ni yake. Kuanzia wimbo wa nne kuna mtu wa kumjibu. Wewe ni mtu wa dansi kama mimi, unajua tofauti ya mpiga solo anayepiga mbele ya ridhimu na wapiga solo wawili wanaojibizana: huyu akiuliza, yule anamalizia sentensi. Clapton anabonyeza nyuzi kwa vidole. Duane amevaa kichupa cha kioo cha dawa ya mafua kidoleni, anakiteleza juu ya nyuzi, kwa hiyo noti zake hazina ngazi, zinapanda kama sauti ya mtu anayelia. Mwishoni mwa "Layla" anapanda mpaka shingo la gitaa linakwisha, anaendelea kuteleza mahali pasipo na chuma cha kubonyezea kabisa, na kule ndiko zinakotoka zile sauti za ndege.

Watu wanne na mgeni mmoja, chumba kimoja, amplifaya ndogo zilizofunguliwa mpaka mwisho, na mapenzi yasiyo na ruhusa. Msongamano ule ndio habari yenyewe. Ukiwatenganisha ukawapanga kwa nafasi kama viti vya harusi, utasikia vizuri zaidi walichopiga na utasikia kidogo zaidi walichokuwa nacho. Kwa hiyo ndiyo, mzee wangu, sanduku la miaka 50 litakupa kitu usichokijua, kwa kuwa limerudi kwenye miksi ya 1970. Lakini hata toleo la miaka 40, la 2011, limetumia miksi hiyohiyo, na kwenye CD linapatikana kwa bei ya chini sana. Nitalirudia hili.

Sasa CD zako za kabatini. Ya pili ina jemu tano. Jemu ni pale wanamuziki wanapopiga bila kupanga huku kanda inazunguka, na Dowd alikuwa na tabia ya kuiacha kanda izunguke. Moja kati ya hizo ina watu wa Allman Brothers humohumo chumbani. Nakubali zinachosha ukizisikiliza kama nyimbo. Zisikilize kama watu wawili wanaojuana kwa mara ya kwanza. Dakika za mwanzo wanapishana kwa adabu, mmoja anaacha pengo kubwa kuliko linalohitajika, mwenzake anaogopa kuliingia. Ukiendelea kusikiliza, mapengo yanapungua. Mwisho wanamaliziana sentensi. Hakuna toleo jingine la albamu hiyo linalokuonyesha jambo hili likitokea, na jemu hizo tano hazimo kwenye sanduku la miaka 50.

Dawa ya kuelewa thamani ya kanda inayozunguka ni "Key to the Highway". Wimbo unaanza kwa kufifia, sauti inapanda taratibu kana kwamba umefungua mlango ukawakuta wameshaanza. Si ufundi wa studio. Walikuwa wameshaanza kweli. Wimbo huo wa bluzi wa Big Bill Broonzy na Charles Segar waliusikia ukipigwa chumba kingine, wakaanza kuupiga wenyewe, na kanda ilikuwa haizunguki. Dowd alipogundua akapiga kelele washe, na tunachokisikia ni kile kilichowahi kuingia. Mwanzo wake umepotea moja kwa moja. Kila nikifika hapo moyo unaniuma kidogo, na ndiyo maana siwezi kumsamehe mtu anayeziita jemu takataka.

CD yako ya tatu nayo ina majaribio ya nyimbo na mabaki. Itafute humo "Mean Old World", Clapton na Duane wakipiga bluzi ya Little Walter. Ianze hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Twende kwenye sanduku lenyewe. Ni santuri nne: mbili ni albamu, mbili ni nyongeza, pamoja na kitabu kikubwa cha ukubwa wa jalada. Nyongeza hizo ni pamoja na "Tell the Truth" ile ya kwanza iliyorekodiwa London na Phil Spector, ikatolewa kama singo kisha ikaondolewa sokoni. Nyimbo walizopiga Nashville Novemba 1970 kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Cash, ambapo Cash na Carl Perkins waliungana nao kwenye "Matchbox". Na vipande vya albamu ya pili iliyoanzwa 1971 na kufa pamoja na bendi. Kipande cha Johnny Cash ni kizuri kweli. Vile vya 1971 ni vya watu waliochoka, na Duane hayupo. Yeye alifariki baadaye mwaka huohuo kwa ajali ya pikipiki huko Macon, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24.

Kinachofanya sanduku liwe ghali ni namna santuri zake zilivyochongwa. Zile mbili za albamu zimechongwa kwenye studio za Abbey Road, London, kwa nusu mwendo. Nieleze, kwa sababu madukani wanalitaja bila kulifafanua. Santuri huanza kama sahani laini ambayo sindano ya kuchongea inachimba mfereji. Sauti nyembamba, kama upatu wa dramu, zinaifanya sindano hiyo itikisike mara elfu nyingi kwa sekunde, na chuma chochote kina mwisho wa wepesi wake. Ukipunguza mwendo wa sahani kwa nusu, na muziki nao ukauendesha kwa nusu, mtikisiko wa mara 10,000 unakuwa wa mara 5,000. Sindano inapata muda wa kuchimba kwa usahihi. Upande wa dakika 20 unachukua dakika 40 kuchongwa. Si uchawi, na haugeuzi miksi, ila upatu unatulia na herufi "s" za mwimbaji hazikwaruzi.

Na kwa albamu hii faida hiyo inaangukia mahali pagumu. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo mpaka mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Pembeni kabisa mfereji unapita chini ya sindano kiasi cha sentimita 50 kwa sekunde. Ukikaribia karatasi ya katikati ni kama sentimita 21. Muziki uleule, nafasi chini ya nusu. Ndiyo maana nyimbo za mwisho za kila upande huanza kukwaruza. Sasa fungua upande wa nne: "Little Wing", "It's Too Late", "Layla", halafu "Thorn Tree in the Garden". "Layla", wimbo wa dakika saba, wenye magitaa mengi kuliko wote, amekaa kuelekea ndani, wa pili kutoka mwisho, mahali ambapo nafasi ya santuri inazidi kuwa ndogo. Nimesikia nakala za zamani ambazo ile piano ya mwisho ilikuwa kama inapigwa ndani ya debe. Kuchonga kwa uangalifu kunasaidia hapo kuliko mahali pengine popote kwenye sahani.

Lakini kunasaidia tu kama mashine yako inaweza kusoma kilichochongwa. Umeniambia umeitengeneza. Je, sindano ni mpya, au ni ileile ya mzee? Sindano ya miaka 30 ni kama msumari. Itakata mfereji mpya siku ya kwanza na huwezi kuurudisha. Uzito wake umeupima? Sindano nyingi za kisasa zinataka kati ya gramu 1.5 na 2, na zile mashine za zamani za sandukuni zilikuwa zikikandamiza zaidi ya hapo mara mbili au tatu. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu inatosha kwa kazi hii, sonara yeyote wa mjini anayo. Usiweke santuri hiyo kwenye mashine kabla ya kupima, tafadhali sana.

Nikupe pia onyo moja litokalo mfukoni kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua CD ya maadhimisho ya albamu nyingine ya bluzi, imefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Nikaiweka kwenye mitambo ninayofanyia kazi, nikatazama mita. Mishale ilipanda juu ikagoma kushuka. Walikuwa wamesukuma kila kitu kiwe na kelele sawa, mnong'ono na mlipuko vyote kimo kimoja, ili ikipigwa redioni ionekane ina nguvu. Bluzi inaishi kwenye kushuka. Mpigaji anaposhuka ndipo unapomkaribia. Tangu siku hiyo sinunui maadhimisho kabla ya kusikia angalau wimbo mmoja mtulivu.

Kuhusu jina la binti yako, wacha niseme kidogo kwa kuwa najua litakufurahisha. Clapton hakulitoa hewani. Rafiki yake Ian Dallas, aliyekuwa amesilimu na baadaye akajulikana kama Sheikh Abdalqadir as-Sufi na kufariki Cape Town mwaka 2021, alimpa kisa cha Laila na Majnun cha Nizami wa Ganja, kilichoandikwa mwaka 1188. Kisa chenyewe ni cha Waarabu kabla ya Nizami: Qays bin al-Mulawwah wa Banu Amir alimpenda Laila, akanyimwa, akashika jangwa akisoma mashairi mpaka watu wakamwita majnun. Sisi wa pwani neno hilo tunalo mdomoni, tunasema majununi. Wengi waliokuwa wakisikiliza wimbo huo Marekani walidhani Laila ni jina la kubuni tu. Sikiliza "I Am Yours" upande wa pili. Maneno yake yametoka kwa Nizami, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya watunzi pamoja na la Clapton. Mtunzi aliyekufa zaidi ya miaka 700 kabla ya gitaa la umeme!

Basi, umwambie nini binti? Kama sindano ni ya zamani na huna mpango wa kuibadili, mwambie akuletee toleo la CD la 2011, lile la CD mbili. Utaipata miksi ya 1970, na nyongeza nyingi za sanduku ni zilezile. Kama uko tayari kununua sindano na kupima uzito, aje na sanduku, ila asiliingize kwenye mzigo wa ndege. Abebe mkononi, limesimama wima, wala lisilazwe chini ya vitu. Na likifika lisikae karibu na dirisha, joto la Tanga hupinda santuri kwa mchana mmoja.

Na siku utakayoifungua, anza na upande wa nne badala ya wa kwanza. "Little Wing" waliirekodi tarehe 9 Septemba kumpa heshima mtunzi wake, Jimi Hendrix, akiwa hai. Siku tisa baadaye alifariki London, hivyo wimbo uliorekodiwa kama salamu ukatoka ukiwa tanzia. Vumilia mpaka "Layla", uone kama piano ya Jim Gordon, yuleyule wa dramu, inasimama bila kukwaruza. Kisha usinyanyue mkono wa mashine. "Thorn Tree in the Garden" ya Whitlock inakuja kwa sauti ya chini sana. Walikaa duara, vyombo mikononi, wakaipiga pamoja. Iko ndani kabisa ya sahani, hatua chache kutoka karatasini. Ukisikia kila mmoja amekaa upande wake wa duara, uzito wa sindano uko sawa.